Nyuki wa Rehani na Kofia ya Ami Hamid

Nina habari, na nimeibeba tangu adhuhuri kama mtu aliyebeba kikombe cha moto bila kisahani. Lakini nikiitoa sasa hivi mtasema mashallah, hongera, kisha mtaendelea na mambo yenu, na hakuna atakayejua nilivyosumbuliwa. Mimi nataka usumbufu ujulikane kwanza. Habari itangoja.

Mambo yenyewe ni nyuki. Si yule wa asali. Huyu ni mfupi, mnene, ana manyoya ya kahawia mgongoni kama paka aliyeshiba, na tumbo lake jeusi lina mikanda ya buluu inayong'ara utadhani imepakwa leo. Hana mzinga wala malkia. Majike hulala kwenye vishimo vyao ukutani, na madume hawana nyumba kabisa. Jioni ikifika kila dume hutafuta kijiti, hukiuma kwa meno, akaning'inia hapo mpaka asubuhi. Hapa kwetu Kibokoni wamechagua rehani za shangazi Mona, zile alizozipanda kwenye madebe ya mafuta juu darini, kwenye paa tambarare la nyumba. Wanalala kwa safu kama vibanio kwenye kamba ya nguo.

Mimi na kakangu Ziad tunakaa kwa shangazi tangu nilipoingia chuo. Baba na mama wako Malindi na duka lao. Nilisomea upigaji picha, nikamaliza, nikawa nawatia mitandaoni wadudu wa darini kwa shangazi. Siku moja akanipigia mtu anaitwa Awino, kutoka Nairobi, mhariri wa kitabu cha nyuki wa pwani. Awino ana sauti ya mtu mwenye haraka hata akisalimia.

"Manar, namtaka huyo wa mikanda ya buluu," akasema. "Awe hai, sitaki wa kudungwa pini. Na awe wazi kuanzia ncha ya kipapasio mpaka mkanda wa mwisho, nihesabu hata manyoya. Nikimpata kabla ya Ijumaa adhuhuri, Jumatatu unaanza na sisi, utazunguka pwani yote kutoka Vanga mpaka Kiunga. Nisipompata, nina mtu mwingine Watamu."

Upande huo ni huo. Upande wa pili kuna kiti.

Ami Hamid, ndugu yake baba na shangazi, ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ananipenda, hilo sina shaka nalo, na kwa mapenzi yake ameninunulia kiti. Chekundu, cha kuzunguka, kimefungwa sponji nyeupe nyembamba kutoka miguuni mpaka kichwani. Nikikosa kazi ya Awino, Jumatatu hiyohiyo ninakikalia. Kila jioni ami akija kunywa kahawa, kabla hata hajavua viatu, hutuletea habari za kiti kana kwamba kimelazwa hospitali.

"Kiti hakijambo," husema.

"Ami, mimi nimesomea picha."

"Na bandarini hakuna picha? Kontena likiingia limebonyea lazima lipigwe picha. Tena halikimbii."

Sasa, mtu ambaye hajawahi kumpiga mdudu picha ya karibu hudhani ni kusogea tu. Ukisogea karibu hivyo, sehemu inayotoka wazi ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Jicho likiwa wazi, kipapasio ni moshi. Ukikishika kipapasio, jicho limekwenda. Unaweza kuliziba kidogo tundu la lenzi ili ganda linenepe, lakini ukiziba mno picha nzima inalainika kama uji wa mgonjwa. Basi unaziba kiasi, halafu unapiga nyingi. Unaanza ncha ya kipapasio, unasogea chembe, unapiga uso, unasogea chembe, hivyohivyo mpaka mkanda wa mwisho. Kisha unazipanga kwenye kompyuta moja juu ya nyengine kama manda za sambusa, na katika kila moja inachukuliwa sehemu iliyo wazi, ikatoka picha moja iliyo wazi yote. Sharti lake ni kwamba muda huo wote mdudu asitikisike, kijiti kisitikisike, na wewe usitikisike.

Katika nyumba ya shangazi Mona hakuna kitu kisichotikisika.

Nafasi yangu ilikuwa ni baada ya sala ya alfajiri mpaka jua lipande juu ya ukuta wa jirani yetu, Bi Mahjabeen. Kabla ya hapo nyuki amelala, hata ukimsogelea pua kwa pua hajui. Jua likimgusa tu anaamka, anajifuta uso kwa mikono kama mtu anayetawadha, na huyo, mpaka jioni. Asubuhi ya kwanza nimepiga magoti, lenzi nimeigeuza nyuma mbele ili imkuze, nimebana pumzi, nyuki yuko mbele yangu mkubwa kama ng'ombe. Dari likaanza kunguruma. Rehani zikacheza. Nyuki akacheza. Nikashuka ngazi mbili mbili.

"Ziad, zima pampu."

"Tangi tupu."

"Zima, nina nyuki juu."

"Na mimi nina sabuni kichwani," akasema kutoka bafuni. "Mwambie nyuki asubiri."

Asubuhi nyengine ukaja umande, ule upepo wa bara unaopita taratibu kabla ya jua, ambao kila mtu Mombasa anausifu. Mimi sikuusifu. Nikatafuta kibanio cha nguo, nikakifunga kwenye fimbo, nikaisimamisha fimbo ndani ya debe na kibanio kikashika shina la rehani. Kikatulia. Kisha nikashona mfuko wa kitambaa nikaujaza mchele, nikaulaza chini ya kamera, kamera ikakaa juu yake kama mtoto kwenye mto. Nikalala kwa furaha. Kulipokucha nikapanda, fimbo ipo, kibanio kipo, mfuko haupo.

"Shangazi, uko wapi mfuko wangu wa mchele?"

"Ule wa pishori?"

"Ule wa kamera."

"Kamera yala mchele?" Shangazi alikuwa anachuma asumini, hakugeuka. "Mliula jana na mchuzi wa papa. Wewe ukaongeza sahani."

Nifanye nini. Na huku ananichunguza wiki nzima, ananiona nimepiga magoti mbele ya madebe yake, matako juu, na ana maoni. "Sanober wa Mahjabeen apiga picha kwa simu," akasema, "na zatoka wazi mpaka vinyweleo vya pua yake vyaonekana. Wewe na hilo likamera lako kama bomba la maji, wiki yote, sijaona hata ukucha."

"Sanober ni mtu, shangazi. Ana uso kama sinia."

"Nitamwambia."

"Usimwambie."

Tatizo la mwisho lilikuwa mwanga. Alfajiri mwanga hautoshi, lazima flashi, na flashi tupu kwa karibu hivyo humfanya mdudu aonekane amepigwa makofi. Jicho linatoka doa jeupe, mikanda inaunguzwa, buluu yote imekwenda. Flashi inataka kufunikwa kitu cheupe kinachopitisha mwanga, ili umiminike polepole. Nikatazama huku na huku. Kwenye kamba hakuna kitu, lakini juu ya bakuli iliyopinduliwa kuna kofia ya ami Hamid. Shangazi humfulia. Imetiwa wanga, imekauka, nyeupe kama tui, kofia ya mkono iliyoshonwa vitobo vidogo vidogo, nyota na duara, nyota na duara, kuzunguka kichwa chote. Nikaivalisha flashi. Ikakaa sawasawa, utadhani flashi inakwenda msikitini.

Na siku hiyo fyuzi ya pampu ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilimpata. Wallahi nilimpata. Mwanga umemwagika kama maziwa, kila unywele umesimama peke yake, mikanda buluu buluu mpaka wa mwisho. Nikazipanga, nikaikuza, nikaitazama mikanda hiyo mmoja mmoja, nikarudi kuanza tena. Nikamtumia Awino kabla sijanywa chai. Kisha nikafanya kosa la kumwonyesha shangazi.

Shangazi, ambaye wiki nzima hajaona hata ukucha, alizunguka Kibokoni yote na simu yangu. Alimwonyesha muuza mahamri. Alimwonyesha fundi aliyekuja kwa watu wengine. Kwa Bi Mahjabeen akapewa sahani ya bajia, na Bi Mahjabeen akaitazama picha akasema, "Mzuri huyu," basi.

"Hakusema mashallah," shangazi akaniambia alivyorudi.

"Alisahau."

"Hakusahau kunipa chatini."

Nilidharau maneno hayo. Ningejua, ningekaa naye chini nikamwomba ayasahau.

Siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, Awino akapiga simu. Sote tulikuwa sebuleni, ami Hamid ameshika kikombe cha kahawa, shangazi anatunga kikuba chake cha harusi ya jioni, asumini na rehani kwenye uzi, na Ziad amelala sakafuni anatafuna bajia za jana. Nikaweka sauti ili wote wasikie habari njema, kwa sababu mimi ni mjinga.

"Manar, umekaa?" akasema Awino. "Hayo madoa machoni."

"Madoa gani?"

"Unanificha? Jicho lote lina nakshi. Zimepangika, nyota, duara, nyota, duara. Mkubwa wangu Arnold ameita ofisi nzima. Anasema tangu aanze kazi hajaona jicho la nyuki lenye nakshi. Anafikiri ni aina mpya kabisa. Manar, hii inakwenda jalada la mbele. Na wewe usingoje Jumatatu, njoo hata kesho."

Shangazi alikwishainua mikono kushukuru. Mimi nikafungua kompyuta, nikalikuza jicho. Siku zote nilikuwa nimeitazama mikanda, jicho nimeliona wazi nikaridhika nalo. Sasa nikalitazama. Lilikuwa linang'aa kama kioo, na ndani ya kioo, nyota, duara, nyota, duara. Nikainua uso, nikatazama kichwa cha ami Hamid. Nikarudi kwenye jicho la nyuki. Nikarudi kichwani kwa ami.

"Wanitazamia nini?" ami akauliza.

Nikamwambia Awino nitampigia, nikakata. Nikawaonyesha. Wote wakaanza pamoja, kama kawaida ya nyumba hii.

"Nyamaza," akasema Ziad. "Wakija kumtafuta, waambie amehama."

"Anyamaze nini, kwani amesema uongo?" shangazi akasema. "Manar hakusema neno. Wao ndio waliosema aina mpya. Wasomi wakisema, wewe ni nani uwakatae?"

Ami alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. "Mke wangu aliishona mwaka mzima," akasema. "Sasa imeingia kwenye elimu."

"Ami, wewe wasemaje?"

"Mimi sisemi kitu. Mimi nina kiti."

Nilitoka nikakaa ngazini. Nilimfikiria huyo Arnold, amefunga safari, amepanda dari moja baada ya jengine hapa Mji wa Kale na chombo chake cha kukuzia, anamtafuta mdudu anayepatikana juu ya kichwa cha ami yangu peke yake. Na watoto wa shule watamchora, na nyota zake. Picha ya mdudu kazi yake ni kumwonyesha alivyo. Kama haimwonyeshi alivyo, basi afadhali hayo makontena, angalau kubonyea kwake ni kweli. Nikapiga simu.

"Awino, yale madoa ni kofia."

"Ni nini?"

"Kofia. Niliivalisha flashi ili kulainisha mwanga. Ina vitobo. Vitobo vimejiakisi kwenye jicho."

"Kofia ya kuvaliwa?"

"Ya kwenda msikitini. Ya ami yangu."

Nilisikia anafunga mlango huko aliko. "Arnold keshawaandikia watu wake wa ng'ambo," akasema, polepole safari hii. "Nitakwenda kumwambia sasa hivi, na nitamwambia nikiwa nimesimama karibu na mlango. Picha hii siwezi kuitia. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji kesho, na adhuhuri ni ileile. Niletee nyuki bila kofia."

Asubuhi moja imebaki. Nyuki wapo, kibanio kipo, fyuzi nitaificha tena. Lakini flashi nitaifunika nini? Kitu cheupe, chepesi, kisicho na tobo wala ua wala mshono. Nikapekua nyumba nzima. Mitandio ya shangazi ina maua. Mashuka yana mistari. Vitambaa vya meza kavishona yeye mwenyewe, na shangazi Mona hawezi kuona kitambaa kitupu akakiacha. Nikarudi sebuleni na mikono mitupu, ami yuko mlangoni anavaa viatu, na hapo ikanijia.

"Ami," nikasema, "kiti hakijambo?"

Uso ukamng'ara. Sijawahi kukiulizia hata siku moja. "Hakijambo, alhamdulillahi."

"Naiomba ile sponji yake nyeupe."

"Wataka nikivue kiti nguo?"

"Kipande kidogo tu."

"Manar, kile kimefungwa kiwandani. Kikifunguliwa kimefunguliwa. Nimekiweka vile ukifungue mwenyewe, Jumatatu."

"Mpe, Hamid," akasema shangazi, sindano mdomoni. "Kofia yako ndiyo iliyomponza."

"Kofia yangu? Nani aliyeiweka kwenye bakuli mbele yake?"

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Lakini kabla ya isha ami alirudi, na kwapani ana sponji nzima, ameikunja vizuri kama kanzu. "Haya," akasema. "Kiko uchi huko ofisini, kitaingia vumbi kabla hujakikalia." Na hakuninunia. Ndiyo maana siwezi kukasirika naye kikamilifu, jambo ambalo linaudhi pia.

Basi jana usiku nilikata sponji, nikaikunja kama chano, ile sinia ya mbao, mbele ya flashi, nikajaribu kwenye kijiko. Kwenye kijiko ilitoka dirisha moja jeupe, laini, bila nyota. Shangazi alirudi harusini Ganjoni akanikuta bado nafurahia kijiko. Akanitazama kwa huruma kubwa, na nilidhani ni huruma tu.

Leo baada ya sala nikakamata kamera nikapanda. Nikiwa katikati ya ngazi nikasikia harufu.

Udi.

Nilifika juu nikakuta chetezo kimewekwa katikati ya madebe, makaa mekundu, moshi umejaa dari zima kama mkutano wa wazee wa kahawa. Shangazi amesimama ndani ya moshi huo na buibui lake, kwa sababu dari letu linaonekana kwa Bi Mahjabeen, na kikuba cha jana bado amekidunga kifuani, yeye hatupi kikuba mpaka kigeuke kahawia. Anasoma, anapulizia rehani.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimewafukiza." Ananiambia kwa furaha, kama mtu aliyenitengenezea chai. "Hasad, mwanangu, husuda ya jicho. Mahjabeen alitazama hakusema mashallah, na jichoni ndiko kulikoharibika. Wajua kilichompata nyuki wako. Sasa nimewazungushia na kisomo, hakuna kitakachowagusa."

Hakuna kilichowagusa, kweli. Hawakuwepo. Nilikagua kijiti kimoja kimoja, debe moja moja, chini ya majani. Safu yote imekwenda. Nyuki waliolala hapo kila siku ya Mungu, pampu haikuwaondoa, umande haukuwaondoa, mimi na bomba langu la maji sikuwaondoa. Wameondolewa kwa dua.

Nikakaa juu ya debe tupu. Mbele yangu nikakiona kiti chekundu, kinazunguka taratibu. Nikamwambia shangazi neno ambalo katika mji huu humwambii hata adui.

"Udi wako wanuka," nikasema.

Shangazi akaacha kupulizia. "Wanuka?"

"Wanuka."

"Udi huu? Udi alioutoa Hamid Makka, nikauweka, sikuutia hata kwenye harusi ya Sanober?" Mkono ukaanza kupanda kwenda kifuani, pale wanawake wa kwetu wanapoushika moyo wakitukanwa. "Mimi, Manar, nimeamka kabla ya adhana—"

Ndipo nilipomwona.

"Shangazi, mkono wako usipande. Usishuke pia."

"Una nini?"

"Kuna nyuki kwenye kikuba."

Alikimbia moshi, maskini, akatua kwenye rehani ya kwanza aliyoikuta. Amekiuma kijishina kilichochomoza kati ya asumini, ameshusha miguu, ameshalala tena. Mikanda yote ya buluu imegeukia kwangu.

Macho ya shangazi yakashuka, uso haukushuka. "Manar," akasema, midomo haitembei. "Ataniuma."

"Haumi. Ni dume. Madume hawana mwiba."

Alifikiri hilo kidogo.

"Tangu nitoke eda," akasema, "watu wote hao waniambia utampata tu, Mona, utampata. Na huyu ndiye aliyekuja."

"Usinichekeshe, kamera itatikisika."

"Mimi sikuchekeshi. Mimi nalia."

Kibanio hakifai kwa shangazi. Fimbo haifai. Nikikivua kikuba, ataruka. Na shangazi anapumua, na kila akipumua nyuki anakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, mbali zaidi ya ganda langu la kitunguu. Nikajaribu mara ya kwanza kutoka mbali, moshi mtupu. Basi nikaufanya mkono wangu wa kushoto ndiyo meza. Nikauegemeza kifuani kwake chini ya bega, vidole viwili vikashika uzi wa kikuba, na lenzi nikailaza juu ya mkono huohuo. Akipumua, mkono unakwenda, nyuki anakwenda, kamera inakwenda, sote pamoja kama watu wa nyumba moja. Nikatazama ndani. Nyuki ametulia kama aliyewekwa juu ya kabati. Wiki nzima nimepigana na mtikisiko, kumbe ningeingia ndani yake tu.

Ncha ya kipapasio. Nikaegemea mbele kama mtu anayetaka kunusa. Uso. Kidogo tena. Jicho, na ndani ya jicho dirisha moja jeupe, safi. Mgongo, yale manyoya ya paka. Mkanda, mkanda, mkanda.

Na shangazi Mona alinyamaza. Nataka hili lijulikane Kibokoni nzima. Ziad alipanda kuja kudai fyuzi yake, taulo begani, akatukuta, mimi nimembandika shangazi kamera kifuani, yeye amesimama mkono hewani kama sanamu, moshi umetuzunguka.

"Amefariki?" Ziad akauliza.

Shangazi hakujibu. Hakugeuka. Alimtazama tu, na Ziad akashuka mwenyewe.

Jua likapanda ukuta wa Bi Mahjabeen, likamgusa nyuki. Akajifuta uso, kushoto, kulia, akatikisa mikanda yake, akaenda zake. Shangazi akavuta pumzi, na maneno yote aliyoyazuia yakatoka kwa mkupuo, kuanzia udi mpaka malezi yangu mpaka baba yangu alivyokuwa mkaidi tangu utotoni, na nilimsikiliza nikishuka ngazi, nikifungua kompyuta, nikipanga manda zangu, na bado hajafika mwisho. Nikamwomba radhi kwa habari ya udi. Akasema hataisahau, na atamwambia Hamid.

Nilituma watu wakiwa ndio kwanza wanatoka kwenda sala ya Ijumaa. Kisha nikangoja. Ami alirudi msikitini na kofia yake kichwani, akaketi, akafungua mdomo, nikajua ni kiti, na simu ikalia. Safari hii sikuweka sauti, lakini katika nyumba hii hilo halisaidii, wote walikuja kuegemea.

"Yuko wazi," akasema Awino. "Wazi kote. Arnold amelitazama jicho kwa dakika nyingi, nafikiri bado anaomboleza. Ameridhika. Jumatatu, Manar. Tunaanzia Vanga."

Basi hiyo ndiyo habari. Sasa mnaweza kusema mashallah, na tafadhali semeni kwa sauti, shangazi anasikiliza.

"Nijaze tu maelezo ya chini," Awino akaendelea. "Alikuwa kwenye mmea gani?"

"Rehani."

"Umepandwa wapi?"

Ningeweza kusema darini. Lakini nilikuwa nimeshaanza tabia ya kusema kweli, na imeniganda. "Haukupandwa," nikasema. "Umedungwa. Kwenye kikuba, kifuani kwa shangazi yangu."

"Manar, Jumatatu ukija," akasema Awino, "njoo peke yako." Akaandika: kwenye rehani, Kibokoni, Mombasa.

Ami Hamid alimaliza kahawa yake taratibu. Akanipa mkono, akanibusu kichwani, akasema Mungu akutie baraka, na alimaanisha. Kisha akauliza, "Sasa kiti nimpe nani?" na macho yake yakatembea sebuleni mpaka yakamfikia Ziad, ambaye ghafla alikumbuka tangi la maji.

Shangazi hakuwa na habari na kiti. Alikuwa ameikamata kompyuta yangu kwa mikono miwili, anaikuza picha, anaipunguza, anaizungusha.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Huyo hapo nyuma ya nyuki."

"Nyuma ya nyuki kuna weusi."

"Ndilo buibui lako. Ukikaribia hivyo, cha nyuma hakionekani, kinakuwa rangi tu. Umemtoa vizuri, shangazi, bila weusi huo ile buluu isingewaka."

Akaitazama tena kwa muda mrefu.

"Nimesimama bila kutikisa ulimi," akasema, "mkono juu, dume kifuani, udi wangu umetukanwa. Na mimi ndiye giza."